Maswali ya Wasomaji: Ritriva wa Chesapeake Si Mkaidi, Anafikiri

Barua za mwezi huu karibu zote zinamhusu mbwa mmoja: ritriva wa Chesapeake (ritriva ni mbwa wa kumletea mwindaji ndege aliowaangusha), yule wa kahawia mwenye macho ya rangi ya asali, asiyepita dimbwi bila kuliingia. Nimeishi na majike wawili wa aina hii kwa miaka 19. Wa kwanza, Tarishi, alikufa akiwa na miaka 12. Wa pili amelala miguuni pangu ninapoandika, mkia bado una unyevunyevu. Nitajibu kwa niliyoyasoma, na zaidi kwa niliyoyaona.

Shikamoo mama. Nina dume wa ritriva wa Chesapeake, ana miezi 11. Kabla yake nilifuga Labrador, na yule ukimwita mara moja amefika. Huyu nikimwita anasimama, ananitazama, anatazama kando, ndipo anakuja, na siku nyingine haji kabisa. Nikipandisha sauti ndiyo kwanza anakaa chini na kugeuza uso. Majini ni zaidi: kitu ninachomtupia anakichukua, lakini anarudi kwa njia yake mwenyewe. Jirani ananiambia nimchape kidogo apate adabu. Je, ni mkaidi wa kuzaliwa?

Marahaba, mwanangu. Fimbo iweke chini kwanza, na jirani mwambie nimekataza mimi. Mbwa huyu ukimchapa hasahau, wala hatakuja haraka zaidi. Atajifunza tu kwamba mkono wako ni wa kukimbiwa.

Nikusimulie kilichonifunza mimi. Tarishi alikuwa na umri kama wa huyo wako. Nilimrushia kifurushi cha turubai mtoni, mahali ambapo mkondo ulikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Akakikamata, akageuka, nikamwita aje moja kwa moja kwangu. Hakuja. Alijiachia akateremka na mkondo, nami nikapiga kelele ukingoni mpaka koo likanikauka. Akatokea mita kama 40 chini, penye mchanga, akaja akitembea kando ya maji hadi niliposimama, akakilaza kifurushi miguuni pangu taratibu, kama mtu anayeweka yai. Baadaye ndipo nilipotazama vizuri: kati yangu na yeye palikuwa na mti ulioanguka, matawi yote yamezama. Angenitii, angenasa. Mimi niliyekuwa nimesimama juu sikuuona ule mti. Yeye, pua ikiwa vidole viwili tu juu ya maji, aliuona. Tangu siku ile neno "mkaidi" nimeliacha.

Ukitaka kujua tabia hiyo imetoka wapi, nenda kwenye Ghuba ya Chesapeake, upande wa mashariki wa Marekani. Mwaka 1807, mwishoni mwa dhoruba kubwa, meli ya Canton ya Baltimore ilikuta baharini merikebu ya Kiingereza inayozama, ikitoka Newfoundland, Kanada ya leo, kwenda Poole, Uingereza, ikiwa imesheheni samaki. Aliyeongoza mashua ya kwenda kuwaokoa mabaharia aliitwa George Law. Humo ndani akakuta watoto wawili wa mbwa, akawanunua kwa yule nahodha Mwingereza kwa gini moja, sarafu ya zamani ya Kiingereza, kila mmoja. Dume, Sailor, alikuwa mwekundu wa kufifia. Jike, aliyepewa jina la meli, alikuwa mweusi. Sailor alipewa John Mercer wa West River, na Canton akapewa Daktari James Stewart wa Sparrow's Point. Hakuna kumbukumbu kwamba wawili hao waliwahi kupandishwa pamoja. Kila mmoja alizalishwa na mbwa wa huko alikokwenda. Law aliyaandika haya mwaka 1845, na jambo mojawapo alilolikumbuka baada ya miaka 38 ni macho ya Sailor, mepesi ya rangi kupita kawaida. Mtazame dume wako machoni leo jioni.

Sasa kazi yao. Karne ya 19 wawindaji wa ghuba ile waliua bata mwitu kwa ajili ya soko la mijini, tena kwa wingi, mpaka sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 ilipoikomesha biashara hiyo. Mbwa ndiye aliyewaleta ndege nchi kavu, wakati wa majira ya baridi, akivunja barafu nyembamba kwa kifua. Hebu ifikirie hali yenyewe. Bata wameanguka huku na kule, mwindaji yuko mbali amejificha kwenye matete, upepo unameza sauti yake. Mbwa anayesubiri kuambiwa kila hatua hurudi mdomo mtupu, au harudi. Waliotunzwa na kuzalishwa ni wale waliokumbuka ndege yupi ameangukia wapi na kujichagulia njia. Kufikia mwaka 1877, mbwa wa pande zote mbili za ghuba walipokutanishwa kwenye maonyesho pale Baltimore, walifanana kiasi cha kuhesabiwa kuwa aina moja. Hicho unachokiita ukaidi, mwanangu, ndicho kilichowafanya wafugwe.

Kwa hiyo usimfundishe kama ulivyomfundisha Labrador wako. Labrador ukimrushia kitu mara ya 20 hufurahi kama ile ya kwanza. Huyu mara ya nne anakuuliza kwa macho: hiki unakitupa tena kwa nini? Masomo yawe ya dakika tano, mara tatu kwa siku, na uache wakati bado anataka. Mwite mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, akiwa kwenye kamba ndefu ya mita 10. Asipokuja usirudie. Kunja kamba polepole mpaka afike, kisha mpe kipande cha nyama. Ukilitaja jina lake mara sita, umemfundisha kwamba zile tano za mwanzo hazina maana. Na lililo kubwa kuliko yote: akija, hata akiwa amechelewa kiasi gani, hapo alipofika usimkaripie. Anayekaripiwa kwa kuja kesho haji.

Miezi 11 ni ujana. Mpe mwaka mwingine.

Dada, habari za kazi. Jike wangu ana harufu nzito ya mafuta. Namwogesha kila Jumamosi kwa shampuu ya manukato, lakini kabla ya Jumatano harufu imerudi. Na siku hizi akitoka kuogelea anatetemeka, jambo ambalo zamani halikuwapo. Nimbadilishie shampuu?

Nzuri, dada yangu. Usiibadilishe, iache. Kutetemeka huko kumeletwa na hiyo Jumamosi yako.

Fanya jaribio hili. Siku ambayo mbwa hajaogeshwa kwa muda mrefu, akitoka majini mwache ajikung'ute mara mbili. Kisha ingiza vidole viwili begani pake na uyatenganishe manyoya mpaka uione ngozi. Ncha za nje zimelowa, zimeshikana kama makuti madogo. Chini yake kuna sufu fupi, nene, imesongamana kiasi kwamba vidole vinapita kwa shida. Chini kabisa ngozi ni kavu na ina joto. Nimewahi kuuweka mkono wangu pale asubuhi ya baridi nikasita kuutoa.

Kinachoyafukuza maji ni mafuta yale yale unayoyasikia puani. Manyoya ya bata nayo husaidiwa na mafuta kukataa maji. Shampuu ya kila wiki inayaondoa, maji yanafika kwenye ngozi, na mbwa anasikia baridi. Mimi humwogesha wangu mara tatu kwa mwaka, au akijigaragaza kwenye mzoga. Akitoka baharini au kwenye bwawa lenye klorini, humwagiwa maji matupu yasiyo na chumvi, basi. Brashi ya mpira mara moja kwa wiki inatosha, na usimsugue kwa nguvu kila siku, kwa sababu utaing'oa ile sufu ya ndani. Mara mbili kwa mwaka atapukutisha mpaka uone sufu kwenye kikombe chako cha chai. Vumilia. Kumnyoa usithubutu, hata wakati wa joto. Mtafutie kivuli, umpeleke kuogelea asubuhi na mapema.

Lakini itofautishe harufu. Ya mafuta ni nzito na ya kawaida. Ikiwa ni ya kuchacha, mnuse masikioni. Masikio yake yamelala, maji yakibaki humo hutengeneza ugonjwa, hivyo baada ya kila kuogelea yakaushe kwa pamba sehemu ile unayoiona tu, usichokonoe ndani. Akitikisa kichwa mara kwa mara au ndani kukiwa kwekundu, muone daktari wa wanyama.

Mama, nahitaji jibu haraka. Mtoto wetu wa miaka mitano akirudi shule, mbwa anamkimbilia, anakunja pua na kunyanyua midomo mpaka meno yote ya mbele yanaonekana. Hajauma. Mume wangu anasema siku moja atauma na anataka aondoke nyumbani.

Mama mwenzangu, wasiwasi wa mumeo una haki yake, na jibu lake linapatikana kwa kutazama mwili mzima, usiishie kwenye meno. Baadhi ya mbwa wa aina hii hucheka. Tarishi alinichekea kila siku jioni kwa miaka 12: midomo juu, pua mikunjo, anapiga chafya, na wakati huohuo macho yamesinyaa, masikio yamelala nyuma, kiuno kinakatika kushoto na kulia hadi anajigonga ukutani. Mgeni aliyemwona mara ya kwanza alirudi nyuma hatua tatu.

Mbwa anayetisha hafanani hivyo. Anakuwa mkavu. Mwili umekaza, macho yametoka na hayapepesi, mkia umesimama wima au hautikisiki, na mara nyingi kabla ya meno hutangulia kimya, mdomo umefungwa. Msimame na mumeo mlangoni siku tatu, mtazame mkia na kiuno tu. Mkiona ulaini, hiyo ni furaha. Mkiona ukavu hata mara moja, mtenganisheni na mtoto na mtafute mtaalamu wa tabia za mbwa siku hiyohiyo.

Kuna jambo moja ambalo barua yako haikulitaja nami nitalitaja. Ritriva wa Chesapeake ni mlinzi kuliko ritriva wengine. Anawapenda wa kwake na huwapima wageni, na vitu vyake vilevile huvilinda: bakuli, mfupa, kiatu alichokiokota. Mtoto asimnyang'anye kitu kamwe. Nyie wakubwa mzoesheni kubadilishana: mnampa kilicho kizuri zaidi, anaachia alichonacho, kisha mnamrudishia alichoachia. Baada ya wiki chache atawaletea mwenyewe. Na mtoto wa miaka mitano asiachwe peke yake na mbwa yeyote, awe anacheka au hacheki. Dume mzima ana kilo 29 hadi 36. Hata furaha yake tu inamwangusha mtoto.

Bibi, tulicheza na mbwa wetu ziwani karibu saa nzima, tunamrushia mpira anauleta. Alipotoka tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma, akatapika maji, akaanza kupepesuka kama mlevi. Tulimkimbiza hospitali ya wanyama, akalazwa, akapona. Daktari alisema amekunywa maji mengi mno. Maji safi yanawezaje kumdhuru mbwa wa majini?

Namshukuru Mungu mlikimbia. Barua hii ningetaka kila mfugaji aisome mara mbili.

Kila mbwa anapoufungulia mpira kinywa majini, maji huingia pembeni, naye huyameza. Mpira mkubwa wa mviringo ndio mbaya zaidi, kwa sababu unakiacha kinywa wazi njia nzima ya kurudi. Mara 40 za kurusha ni mameza mengi. Maji yakizidi uwezo wa figo kuyatoa, sodiamu, yaani madini ya chumvi, iliyomo kwenye damu huchujuka. Hapo maji huhama kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli, na seli huvimba. Sehemu nyingine za mwili zina nafasi ya kuvimba. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, hauna pa kwenda. Ndiyo maana mbwa anapepesuka, anatoa mate, mboni zinapanuka, fizi zinapauka, kisha degedege, na wengine hufa ndani ya saa chache. Mbwa mwenye bidii yuko hatarini kuliko mvivu, na huyu wetu kuchoka hajui. Ataendelea kuleta mpaka aanguke.

Dalili hizo zikionekana, ni hospitali mara moja. Usimpe maji zaidi, wala usimlishe chumvi ukidhani unarekebisha, kwa sababu kuipandisha sodiamu haraka nako kunaumiza ubongo. Kazi hiyo ni ya daktari na vipimo vyake.

Kuzuia ni rahisi. Tumieni kitu chembamba kinachoelea, kama kile kifurushi changu cha turubai, anachoweza kukibana huku midomo imefunga. Baada ya dakika 10 majini, mwiteni apumzike nchi kavu kwa muda kama huo, akojoe. Mchezo wa kuuma maji yanayoruka kutoka kwenye bomba la kumwagilia bustani nao ni huohuo, msiuruhusu. Baharini hatari inageuka, anameza chumvi, basi nendeni na maji yake ya kunywa. Na ziwa likiwa na utando wa kijani juu kama rangi iliyomwagika, msiingie kabisa. Baadhi ya utando huo una sumu inayoua mbwa siku hiyohiyo.

Pia usishangae ukimkuta kesho yake mkia unaning'inia kama kamba na hataki uguswe. Misuli ya mkia huumia kwa kuogelea sana, hasa maji yakiwa baridi. Hupona kwa kupumzika siku chache. Dawa za maumivu za binadamu usimpe, zinaweza kumuua. Muulize daktari.

Nataka kununua mtoto wa mbwa wa aina hii. Nimuulize nini muuzaji?

Omba vyeti vya wazazi wote wawili, si cha mmoja. Nyonga zao ziwe zimepigwa eksirei, kwa kuwa mbwa hawa hupata tatizo la mfupa wa paja kutokaa vizuri kwenye tundu lake. Macho yawe yamekaguliwa. Kipimo cha vinasaba kiwe kimefanyika kwa magonjwa matatu: kufa polepole kwa retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, kupooza miguu ya nyuma uzeeni, na kuanguka ghafla baada ya mazoezi makali. Mzazi mwenye nakala moja tu ya kasoro si lazima akataliwe, mradi mwenzake awe safi kabisa. Muuzaji asiyejua unazungumzia nini, muage kwa heri. Kisha umuone mama akiwa na watoto wake. Mama mwoga au mkali hurithisha. Na ujiulize wewe mwenyewe kama una saa mbili za kila siku, na maji ya karibu, kwa miaka 10 hadi 13.

Shikamoo bibi. Nina miaka 14. Mbwa wangu ana miezi minne na nilisoma kwamba ritriva wa Chesapeake anapenda maji kuliko chakula. Kaka yangu alimtupa bwawani ili azoee. Aliogelea akatoka, lakini sasa akiona hata beseni anajificha. Nimemharibu?

Marahaba, mjukuu wangu. Hujamharibu, wala kosa si lako. Kaka yako mwambie kwa upole kwamba kutupwa hakumfundishi mbwa kuogelea, kunamfundisha kwamba watu huwatupa wenzao. Aina yake ina vidole vilivyounganishwa kwa ngozi kama vya bata na manyoya yanayokataa maji, lakini mapenzi ya maji huja kwa siku nzuri za mwanzo. Wewe sasa kazi yako ni kumtafutia siku hizo.

Lile bwawa liache kwa miezi kadhaa. Anza na beseni tupu, nje, juani. Weka chakula chake pembeni, siku nyingine ndani. Akishazoea kuingia na kutoka, mimina maji ya uvuguvugu kiasi cha kulowesha kucha tu. Usimbebe kumwingiza, hata siku moja. Akirudi nyuma, na wewe rudi nyuma siku mbili.

Ukimaliza na beseni, tafuta mahali ambapo maji ni ya kina kifupi, yametulia, na chini ni mteremko wa mchanga, asikutane na shimo ghafla. Nenda na mtu mzima. Wewe ingia kwanza hadi vifundo vya miguu, kaa chini, chezea maji kwa mkono, na usimwite. Mbwa mkubwa mtulivu anayependa maji akiwepo, ni mwalimu kuliko sisi wote. Huyu wangu wa pili alikaa ukingoni ziara tano, analia, analamba mawimbi, anarudi nyuma. Ya sita aliingia akifuata jani.

Atakapofika mahali miguu haigusi chini, atapiga maji kwa miguu ya mbele kama anayepanda ngazi, huku miguu ya nyuma ikizama. Hapo mvishe jaketi la kuelea lenye mshikio mgongoni, au mtu mzima aweke mkono chini ya kiuno chake mpaka miguu ya nyuma ipande juu. Ikishapanda, kichwa kitatulia na makelele ya maji yatakoma. Utaona nyuma yake mstari mwembamba umenyooka.

Usipige makofi wala kelele. Mwache aende anakotaka, kisha atoke mwenyewe. Taulo uwe nayo mkononi, lakini usimfuate nayo. Atakuja kujikung'utia pembeni yako.